Ongeza Tatu

Jumatatu saa nne asubuhi binti alikuwa amelala chali ndani ya ndege, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, akiunga nyaya za kiashiria cha usawazisho. Baba yake alisimama pembeni na tochi, akimulika mahali pasipohitaji mwanga. Ndege ilikuwa sebuleni. Pua ilitazama jikoni, na mkia uliingia katika chumba kilichokuwa cha binti kabla ukuta haujabomolewa ili mkia upate nafasi. Kitanda chake kilibaki palepale, chini ya mkia, na kila asubuhi aliamka kwa tahadhari asijigonge kichwa.

Baba alikuwa fundi wa lifti mstaafu. Miaka thelathini na moja alipandisha watu na kuwateremsha, na siku aliyostaafu aligundua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kupita paa. Mtaani walimwita Rubani, wachache kwa heshima, wengi kwa kejeli. Leseni alikuwa nayo. Kilichokosekana ni ndege, na huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja wa kuijenga. Binti alikuwa akisuka upya nyaya za mota zilizoungua katika karakana moja mjini mpaka baba alipomwomba aache kazi aje amsaidie na mambo ya umeme. Alisema sawa. Kuhusu ukuta pia alisema sawa.

Kwenye ukingo wa mkia wa ndege kuna kibawa kidogo, upana wake kama kiganja. Rubani akibonyeza kitufe, mota hukisogeza, na ndege huinua au kuinamisha pua bila mtu kuchosha mkono. Kibawa hakionekani kutoka kwenye kiti, ndiyo maana pana kiashiria: mstari wa taa kumi na moja, kila moja kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ya katikati kijani, tano juu yake na tano chini yake. Baba alitaka kikae chini kulia, kwa kuwa tundu lilikuwa limeshakatwa pale kwa makosa. Binti alisema kikae juu kushoto, karibu na kipima mwendo, na kisimame wima, maana pua huenda juu na chini, haiendi pembeni. Walibishana siku mbili. Safari hiyo binti alishinda, na baba akaziba tundu lake kwa kipande cha bati huku akinung'unika.

Nyaya zilikuwa tano. Mbili kati yake zilikuwa nyeupe zote, hazina tofauti, na karatasi ya maelezo ilisema mtu aziunge vyovyote, kibawa kikienda kinyume abadilishe. Kilienda kinyume, akabadilisha. Kando ya taa ya kijani alibandika kikaratasi alichoandika SAWA. Baba aliketi kwenye kiti, akabonyeza juu, akabonyeza chini, taa zikamfuata kwa utiifu. Akairudisha kwenye kijani.

"Kazi safi, mama," alisema.

Binti aliona kwamba hapo ndipo pa kusema. Siku tisa alikuwa na barua mfukoni. Karakana ya ndege, mwendo wa siku mbili kutoka pale, ilikuwa imempa kazi ya ufundi umeme, na ilitaka jibu lake kabla ya Ijumaa saa kumi, vinginevyo nafasi ingepewa mwingine. Baba aliijua barua hiyo. Aliisoma siku ile ile ilipofika, akaisifia mwandiko.

"Baba, wale watu wanataka jibu Ijumaa."

"Tumalize ndege kwanza. Mwaka mmoja tu, mama. Redio bado, taa za mabawa bado. Nitamwachia nani?"

"Sawa," binti alisema.

Taa ya kijani ilizimika. Ikawaka ya tatu chini yake. Baba alitoka akaenda chumbani kukitazama kibawa, akakuta hakijasogea hata unywele.

"Waya imelegea," alisema.

Binti alizikagua nyaya zote mpaka adhuhuri. Hakuna iliyolegea, lakini kila aliposema sawa taa ilishuka, basi wakaamua kulijaribu neno lenyewe. Baba alisema sawa, taa haikutikisika. Wakamwita shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa jikoni. Shangazi akasema sawa huku ameshika sahani mkononi, na taa ikapanda kidogo, kwa sababu wali ulikuwa umeiva bila kuungua. Binti aliposema, ikashuka tatu. Walirudia mara nne, kisha wakala.

Jumanne walijaribu maneno mengine. Baba aliandika matokeo kwenye daftari. "Haya" ilishusha taa mbili. "Hakuna shida" ilishusha nne. "Kama unavyoona wewe, baba" ilizipeleka chini kabisa, na baba akasema neno hilo lisitumike karibu na chombo.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Rubani akiona taa iko chini ataamini pua imeelemewa, atabonyeza juu, na ndege iliyokuwa imetulia itanyanyua pua mpaka ipoteze mwendo na kuanguka. Binti alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Alimpenda baba yake, na hakuna siku aliyomtakia mabaya. Usiku huo hakupata lepe la usingizi.

Jumatano shangazi alimketisha kwenye ukingo wa kitanda, chini ya mkia.

"Mwanangu, wewe unakubali shingo upande. Kubali shingo ikiwa wima."

"Nimekubali, shangazi."

"Basi sema kwa moyo. Baba yako ni huyo huyo mmoja. Useme kwa moyo, taa itulie, tumalize."

Binti alifumba macho. Alijitahidi kwelikweli, akakumbuka kila wema aliotendewa, viatu vya shule, homa aliyouguzwa, siku alizobebwa mabegani. Akasema sawa. Kutoka sebuleni baba alipaza sauti: tatu. Majirani wawili waliokuja kuazima ngazi walimshauri apumue kwanza. Alipumua. Tatu.

Alhamisi asubuhi alimfuata baba kwenye ndege na kusimama kando ya bawa.

"Baba, mimi nataka kwenda. Nimekaa miaka mitatu. Nimechoka kulala chini ya mkia. Ile kazi naitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nikiikosa sitapata nyingine."

Taa ilirudi kwenye kijani na kutulia pale, iking'aa vizuri.

Baba aliitazama. Uso wake ukachanua.

"Umeona?" alisema. "Sasa inasoma. Nyaya zako hazina dosari, mama. Mimi nilijua tu."

Akachukua daftari akaandika. Binti alisubiri amalize kuandika. Alipomaliza alifunga kalamu, akasema kwamba sasa wanaweza kuanza redio. Moyo wa binti ulivunjika hapo, na baba hakusikia kitu, maana alikuwa ameshainama kutafuta koleo.

Ijumaa saa nane mkaguzi wa ndege alifika na mkoba wake na muhuri wake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza, na alikunywa maji glasi mbili kabla ya kuanza. Alipima unene wa nyaya, akavuta kila kiungo, akasifu mahali pa kiashiria. Kisha akasoma daftari, akamwomba binti aseme sawa. Tatu. Akamwomba arudie mara kumi, akihesabu kwa vidole.

"Ingekuwa mara tatu, mara tano, mara moja, ningeikataa," mkaguzi alisema. "Lakini ni tatu kila mara. Dira nayo hukosea ikikaa karibu na chuma, na hatuitupi. Tunaiwekea kadi ya masahihisho."

Akatoa kadi ndogo nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa: BINTI AKISEMA SAWA, ONGEZA TATU. Akatia sahihi, akagonga muhuri. Kadi ilitakiwa kubandikwa chini ya kiashiria, na mkono uliotulia kuliko yote ulikuwa wa binti, kwa hiyo akaibandika yeye, akiisawazisha pembe zake kwa rula. Alipotoka ndani ya ndege ilikuwa saa kumi na dakika tano. Mkaguzi aliuliza kama binti mwenyewe hana pingamizi kutajwa kwenye kadi. Alisema hana, na taa ikashuka, lakini hilo lilikuwa ndani ya kiwango.

Mwaka uliofuata walibomoa ukuta wa mbele, wakaitoa ndege kwa trela mpaka uwanjani. Baba alipaa. Mtaa mzima ulikuja kutazama, hata wenye kejeli, na wengine walilia. Binti alikaa kwenye kibanda na redio aliyoifunga mwenyewe. Baba alizunguka mara mbili, kisha sauti yake ikaja ikikwaruza.

"Mama, nataka kutua. Wewe sawa huko chini?"

"Sawa, baba."

Juu kule taa ilishuka. Baba alisoma kadi, akaongeza tatu, hakugusa kitufe, akatua taratibu kiasi kwamba hata vumbi lilitimka kidogo tu. Walimbeba mabegani.

Mkaguzi huja kila mwaka. Mwaka wa pili alibadilisha kadi, ikawa nne. Mwaka wa nne ikawa tano, na chini ya tano hapakuwa na taa nyingine. Aliandika kwamba chombo hakina hitilafu bali kimekuwa kifupi, akashauri waagize kirefu. Kilikuja baada ya majuma sita, kina taa ishirini na tano, kumi na mbili kati yake chini ya kijani. Binti, ambaye sasa alikuwa ameanza kuvaa miwani, alipanua tundu kwa tupa na kukifunga kwa siku moja.

Mkaguzi alimwomba aseme. Alisema. Taa ilishuka kutoka kwenye kijani ikapita ya tano, ikaendelea, ikasimama ya kumi na moja.

"Kumbe kile cha zamani kilikuwa kikitupunja," mkaguzi alisema, akafuta tano.

Baba aliinama karibu na dashibodi, akahesabu kwa ncha ya kidole taa zilizosalia chini.

"Bado tuna moja," alisema, na akamwambia mkaguzi aandike kumi na moja.