Madirisha ya Ghorofa ya Nne

Mwezi ule jua halikuwa la kuota wala la kuanikia nguo. Lilikuwa la adhabu. Ikifika saa nane mchana, ukuta wa sebuleni kwa Fundi ukiugusa unarudisha mkono mwenyewe, na feni ya mezani kazi yake ilikuwa moja tu, kuchukua joto la kona hii na kulimwaga kona ile.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo za kike, mjane wa miaka hamsini na kitu, na jengo zima lilimjua kwa jina la kazi yake. Alikaa ghorofa ya tatu na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, karani wa ofisi yenye kiyoyozi. Wifi alitoka asubuhi akarudi jioni mkavu kama karatasi, akamkuta Fundi amejifunga taulo kichwani, kitambaa kingine kifundoni mwa mkono ili jasho lisidondokee kazi ya watu, miguu ndani ya beseni la maji, cherehani inaunguruma.

"Wifi yangu, unashona au unajipika?" alizoea kuuliza.

"Ninajipika. Njoo uonje chumvi."

Madirisha ya Fundi yalikuwa wazi kutwa. Ya jengo zima yalikuwa wazi. Watu walitoa vichwa nje kama kuku walio kwenye tenga, kila mmoja akitafuta upepo. Isipokuwa fleti moja, ile ya juu yake, ghorofa ya nne, chini ya paa lenyewe. Kule madirisha yalifungwa tangu asubuhi, mapazia mazito yakashushwa, na hapakuonekana hata mkono.

Waliokaa humo walikuwa na mwezi mmoja na nusu tu. Mwanamume mrefu, mkimya, na mkewe. Mke alionekana mara moja, siku waliyohamia, naye alipanda ngazi amejifunika kuanzia utosini hadi vidoleni, joto lile lile, kichwa ameinamisha. Tangu siku hiyo hakuonekana tena. Mume ndiye aliyeonekana, kila asubuhi saa tatu, akipanda na gunia begani. Gunia lilidondosha maji ngazi zote na kuacha harufu ya samaki. Ndani yake mlikuwa na barafu, mapande makubwa. Watu wakampa jina, Bwana Barafu.

Mara ya kwanza Fundi alimsimamisha kwenye ngazi kwa heshima zote.

"Habari za asubuhi, baba?"

"Nzuri, mama."

"Mkeo hajambo? Hatumwoni."

"Hajambo. Amepumzika."

"Joto hili na madirisha mmefunga! Mnapumua vipi?"

Bwana Barafu alihamisha gunia kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. "Tumezoea," akasema, akaendelea kupanda.

Tumezoea! Nani anazoea tanuri? Jioni Fundi alimsimulia wifi yake, na wifi, ambaye hakuwahi kukutana na neno akaliacha lipite, aliweka kikombe chini.

"Hebu nikuulize. Mtu anayebeba barafu kila siku ya Mungu, huko ndani ana kitu gani asichotaka kioze?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kicheko kilipoisha, neno halikwenda nacho. Lilibaki kichwani mwa Fundi kama sindano iliyopotea kwenye godoro; huioni, lakini kila ukigeuka unajua ipo.

Basi akaanza kusikiliza. Mtu anayeshona nyumbani kutwa ana masikio mengi kuliko alivyokusudia. Alisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni juu yake, polepole, kutoka bafuni hadi chumbani. Alisikia maji yakifunguliwa kila baada ya saa moja, yakifungwa, yakifunguliwa tena. Na mchana, watu wote wakiwa wamelala chali wakihema, alisikia sauti ya Bwana Barafu ikisema, ikisema, kwa utulivu, kwa muda mrefu. Hakuna aliyemjibu. Fundi alizima cherehani akapanda juu ya kiti, sikio darini. Hakuna. Mwanamume alikuwa anazungumza na nani?

Halafu dari ikaanza kuvuja. Tone la kwanza lilianguka juu ya gauni la hariri la bibi harusi, kifuani kabisa, likaacha doa la rangi ya chai. Fundi alilia kwa hasira. Alikwenda juu akagonga. Mlango ulifunguliwa kiasi cha upana wa kiganja, na katika ufa ule akaona giza, akaona shuka iliyolowa ikining'inia mlangoni kwa ndani, akahisi ubaridi ukimgusa shingoni kama pumzi ya kaburi.

"Maji yenu yananivujia."

"Samahani sana, mama. Nitaangalia beseni."

"Ningependa kumsalimu mkeo."

"Siku nyingine," akasema, na ufa ukafungwa.

Asubuhi iliyofuata Fundi alishuka kwa msimamizi wa jengo, mwanamume mfupi mwenye bisibisi mfukoni na neno la haraka mdomoni. Hakumwambia yote. Angesemaje? Alisema maji yanavuja, kazi za wateja zinaharibika, na kwamba "wale watu, baba, si bure. Ungeenda ukaone mwenyewe ndani kuna nini."

Msimamizi alikwenda siku hiyo hiyo. Naye alijibiwa kwenye ufa. Alirudi amevimba.

"Mimi nifungiwe mlango katika jengo ninalolisimamia? Kesho nawafungia koki. Wakikosa maji watashuka wenyewe, tena kwa adabu."

Fundi alisema, "Vizuri." Neno hilo alikuja kulikumbuka.

Kesho yake saa nne msimamizi alifunga koki. Saa tatu Bwana Barafu alikuwa hajaonekana, na hata saa tano hakuonekana. Fundi alichungulia ngazi mara mbili. Zilikuwa kavu. Ametoroka, akawaza, ameona mambo yanakaribia akatoroka, na alichokiacha humo ndani kitajisema chenyewe kabla ya jua kuzama. Alirudi kwenye cherehani akashona mkono wa gauni kinyumenyume, akaufumua.

Saa sita na nusu kitu kilianguka juu. Si beseni, beseni lina mlio wake. Hiki kilianguka kizito na laini. Kimya. Halafu, kwenye sakafu ya juu yake, mlio mdogo wa kugonga: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Yupo! Kumbe yu hai, na kafungiwa ndani! Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, asijue wa kufungulia mlango au wa kujilinda, akapanda ngazi mbili mbili. Aliusukuma mlango kwa bega, karibu aanguke ndani, maana haukuwa umefungwa. Ulikuwa umerudishwa tu.

Kulikuwa na giza. Shuka zilining'inia kila mahali, mlangoni, madirishani, kwenye kamba katikati ya chumba, lakini zilikuwa zimekauka zikakakamaa. Feni ilipuliza juu ya beseni lenye maji vuguvugu. Hapakuwa na baridi tena; joto la paa lilikuwa limeshashuka likakaa humo kama mwenye nyumba. Na sakafuni, kando ya beseni, alilala mwanamke kavaa gauni jepesi la kulalia, mkononi ameshika kijiko alichokuwa akigongea.

Fundi alipiga magoti. Ndipo alipoona ile ngozi. Kuanzia shingoni, mabega, mikono yote, hadi chini ya gauni, ilikuwa inang'aa na kujikunja kama kitambaa kilichopitiwa na pasi ya moto mno. Alimgusa. Alikuwa wa moto, moto wa kutisha, na mkavu. Jasho la Fundi lilimdondokea mwanamke yule tone kwa tone, ilhali mwanamke mwenyewe hakuwa na hata unyevu.

"Maji," alinong'ona, sauti imekwaruza kama mchanga. "Hayatoki..."

Hapo Fundi aliufahamu uzito wa neno lake la jana. Hakukaa kulifikiri. Alitupa mkasi, akashuka, akajaza ndoo, akapanda, akammwagia. Akashuka tena. Safari ya tatu aliita kwa sauti iliyopasuka hadi chini, "Msimamizi! Fungua koki! Fungua sasa hivi, mtu anakufa!" Aliloweka shuka moja baada ya nyingine akamfunika nazo, akaielekeza feni kwake, akamnywesha kwa kijiko kile kile. Mwanamke alifumba macho, akafumbua, akafumba.

Mume aliwakuta katika hali hiyo. Alisimama mlangoni, gunia begani, akaona mgeni amempigia magoti mkewe, maji chumba kizima, na mkasi wazi sakafuni.

"Umemfanya nini?"

"Maji yalikatwa—"

"Umemfanya nini mke wangu!"

Gunia lilianguka, mapande ya barafu yakateleza hadi miguuni pa Fundi. Aliyaokota, akayafunga kwenye kitambaa cha kichwani mwake, akampa. Mume aliyaweka kwapani na shingoni mwa mkewe, kwa mikono iliyojua mahali pa kwenda. Mashine ya kiwanda cha barafu ilikuwa imeharibika, alisema pasipo kumtazama mtu. Alikuwa amesubiri hadi itengenezwe. Kisha akainua uso.

"Maji yalikatwa na nani?"

"Msimamizi."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema kwa sababu ya kuvuja. Ulikuwa ukweli, nusu yake. Fundi alifuta uso kwa kiganja.

"Mimi ndiye niliyemwendea. Nilimwambia ninyi si bure."

Bwana Barafu alivuta kiti. Walimkalisha mgonjwa kwenye kiti, wakakibeba pamoja, yeye mbele, Fundi nyuma, msimamizi akiwafungulia njia huku akisema hakujua, wallahi hakujua. Teksi iliwapeleka hospitali. Fundi hakuambiwa apande, naye hakuthubutu kuomba.

Wifi aliporudi jioni akasimuliwa, aliketi kwenye ukingo wa kitanda na viatu miguuni.

"Mimi nilisema kwa mzaha," akasema.

"Najua."

"Kwa mzaha tu, wifi."

"Mzaha ulikuwa wako. Miguu iliyokwenda kwa msimamizi ni yangu."

Siku ya tatu mwanamke alirudishwa, mzima. Siku ya nne ilisikika ko, ko, ko sakafuni, na Fundi akapanda. Aliyemwita alikuwa mke mwenyewe. Alikuwa ameketi gizani, miguu ndani ya beseni, na barafu ikielea kandokando ya vifundo vya miguu.

"Kaa, dada. Usiogope, siumi."

Alimweleza kwa sauti ile iliyobakizwa na moshi. Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Mtambo wa mvuke ulipasuka, moto ukafuata. Wenzake wawili hawakutoka. Yeye alitoka, akabandikwa ngozi miezi saba, na ngozi ya kubandika haitoi jasho. "Joto likiniingia, halina mlango wa kutokea." Walikohamia kwanza watu walimwangalia hadi akashindwa kupita kwenye ngazi; walipohamia tena, mama mmoja aliwaondoa watoto wake uani alipomwona. "Basi nikamwambia mume wangu, hapa tusijuane na mtu. Kosa lilikuwa langu pia."

"Usiseme hivyo. Na mazungumzo ya mchana? Nilikuwa nasikia anazungumza peke yake."

Mwanamke alicheka, kicheko kisicho na sauti. "Ananisomea gazeti. Hadi matangazo ya misiba na viwanja. Mimi namjibu, ila sauti yangu haifiki hata kwenye pazia."

Alimfundisha Fundi kufunga madirisha jua likipanda na kuyafungua likishazama, kwani dirisha lililo wazi mchana huingiza moto tu. Fundi alijaribu, akiona ni uwendawazimu. Alasiri ile ukuta wake ulikuwa wa moto vile vile, lakini aliweza kushona bila taulo kichwani. Naye aliomba ruhusa ya kumshonea nguo za pamba nyembamba, pana, zisizo na mshono unaogusa mabega.

Bwana Barafu hakulainika. Fundi alipoleta maji, aliyaangalia kabla mkewe hajayanywa. Alipokuja kupima nguo, mwanamume alivuta kiti akaketi mlangoni, mikono magotini, akifuata kila mwendo wa vidole vyake. Mkewe alimkemea kwa macho, hakujali. Fundi alishona chini ya jicho lile wiki nzima, asilalamike. Yeye mwenyewe alikuwa amewatazama hivyo mwezi na nusu, tena akiwa amejificha.

Siku ya kuvalisha gauni la kwanza, mke alikwenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Alikaa huko muda mrefu. Sebuleni walibaki wawili.

"Mimi bado sijakuamini," mwanamume akasema.

"Ninalijua hilo, shemeji."

"Ungenyamaza siku ile, ningedhani ni msimamizi peke yake. Nimelifikiria sana hilo." Alisugua magoti kwa viganja. "Kuanzia Jumatatu kazini wananitoa zamu ya usiku, wananihamishia ya mchana. Nimekataa mara mbili, hawasikii. Saa sita hadi saa kumi atakuwa peke yake."

Fundi alikusanya pini zake moja moja kutoka kwenye meza.

Mwanamume aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mmoja, akauweka karibu na pini, lakini kidole chake kikabaki juu yake.

"Nitakuwa nikipiga simu," akasema. "Kila saa. Na nitataka kusikia sauti yake, si yako."

"Piga," Fundi akasema.

Ndipo akaondoa kidole.