Beseni la Buluu

"Kuku wangu hawajawahi kumlaza mtu!"

"Na sufuria yangu je? Lini umesikia sufuria yangu imemlaza mtu?"

"Juzi! Mtaa mzima umelala!"

Watu wakaangua kicheko, hata wale waliokuwa bado wameshika matumbo. Ua mfupi wa mabati uliotenganisha nyumba hizo mbili ulikuwa umezungukwa kama pana mchezo wa mpira. Upande huu Mama Sufuria, mpishi wa karamu zote za mtaa, mikono kiunoni. Upande wa pili Mama Vifaranga, mfugaji wa kuku, jirani yake wa kuazimana chumvi na siri.

Kisa chenyewe kilianzia Jumapili, kwenye karamu ya fundi cherehani, binti yake alipopata kazi. Mama Sufuria alipika wali, mchuzi wa kuku aliowanunua kwa Mama Vifaranga, na kabichi mbichi ya kukatakata na karoti. Watu wakala, wakalamba vidole. Kufika Jumatatu jioni, choo cha fundi kilikuwa na foleni kuliko benki siku ya mshahara. Mke wa fundi alilazwa na kutundikiwa dripu, na ndiyo kwanza amerudi, shingo imekuwa nyembamba kama ya mbuni.

Mama Sufuria hakuwa mtu wa kutetereka. Alijua mapishi yake kama anavyoijua njia ya kwake gizani. Lakini Jumamosi alikuwa na harusi ya kupika, na mama wa bibi harusi alikuwa pale pale kwenye umati, anasikiliza bila kupepesa. Jina la mpishi likivunjika halina gundi.

"Jamani, nipisheni," ikasikika sauti. Alikuwa dada wa afya, yule afisa aliyepita kila nyumba tangu Jumanne akiwauliza watu mambo ya chooni bila haya. "Majibu ya maabara yametoka. Wagonjwa wana vijidudu vya salmonela. Mara nyingi hivyo hukaa kwenye matumbo ya kuku."

"Mmesikia?" Mama Sufuria akapiga makofi. "Mimi nilisema nini?"

"Kuku wangu wazima!" Mama Vifaranga akapaza sauti. "Waone wanavyokimbia!"

"Kuku anaweza kuwa mzima na bado akawa navyo, mama. Ila hata wewe mpishi usishangilie mapema. Huo mchuzi ulichemka muda gani?"

"Mpaka mifupa ikaomba radhi."

"Basi mchuzi hauna kesi. Sasa niambieni, nani alikula asiumwe?"

Akasogea baba mkwe wa Mama Sufuria, mzee asiye na jino hata la dawa. "Mimi nilikula wali na mchuzi, nikaongeza. Tumbo langu halijasema kitu."

"Na kabichi?"

"Mwanangu, kabichi mbichi nitaitafuna kwa ufizi?"

Kicheko tena. Lakini dada wa afya hakucheka. "Kila niliyemkuta mzima hakula kabichi. Mama, uliioshea wapi?"

"Kwenye beseni langu la buluu, lile kubwa."

"Na kabla ya hapo beseni lilikuwa wapi?"

Mama Sufuria akamgeukia jirani yake. Upande wa pili wa mabati, Mama Vifaranga alikuwa ameinamisha macho kama mtu aliyedondosha sindano.

"Lilikuwa kwangu," akasema Mama Vifaranga polepole. "Niliazima. Mvua ilivuja bandani, nikawaweka vifaranga humo walale. Asubuhi nikalisuuza kwa maji, nikalifuta kwa kitambaa likang'aa, nikarudisha. Hayo ya vifaranga sikuyasema. Niliona aibu."

Umati ukaguna. Mambo yakawa yameisha hivyo, au yangeweza kuisha hivyo. Kila jicho lilikuwa kwa mfugaji, na mpishi alikuwa ametoka safi kama sahani ya maonyesho. Alichohitaji ni kunyamaza tu.

"Na wewe uliliosha tena kabla ya kutia kabichi?" akauliza dada wa afya.

Sasa, mtaani pale palikuwa na adabu moja. Chombo ulichoazimisha kikirudi, hukioshi tena, kwa sababu kukiosha ni kumwambia jirani, wewe mchafu. Wanawake wawili wa nyumba za nyuma walikuwa hawasalimiani mpaka leo, sababu chujio. Na bomba la Mama Sufuria lilikuwa uani, mkabala na dirisha la Mama Vifaranga.

Angeweza kusema aliosha. Nani angebisha? Lakini aliukumbuka unyoya mmoja wa njano, mwepesi kama pumzi, ulionasa ukingoni mwa beseni. Aliuona. Akaupeperusha kwa ukucha.

"Sikuliosha," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kuagiza kuni. "Na unyoya niliuona. Nilichelea jirani yangu asije akaona namwita mchafu. Yeye kafanya kosa, na mimi nikalipakua."

Mama wa bibi harusi akasogea mbele. "Harusi yangu ipo palepale. Mpishi anayesema nimekosea mbele za watu hatanificha mchuzi uliochacha. Ila vyombo nitakuja kuviona vikioshwa!"

"Hata mimi nitakuja," akasema dada wa afya. "Jiko silifungi. Chombo cha chakula kisiingie bandani kamwe. Sabuni na maji ya moto, hata kama chombo kinang'aa. Ukitoka kwa kuku, mikono kwanza. Na aliyeharisha asiguse upawa mpaka niseme."

Ijumaa mchana, Mama Vifaranga akasimama kwenye mlango wa jirani yake, bakuli la kuazima mkononi, miguu haitaki kuvuka kizingiti.

"Nimerudisha."

Mama Sufuria akalipokea, akaenda nalo moja kwa moja bombani. Akamimina maji ya moto, akatia sabuni, akalisugua huku jirani akimtazama. Mama Vifaranga akanyoosha kidole.

"Hapo chini umepasahau."

"Wapi?"

"Hapo, kwenye kitako. Au umezeeka macho?"

Mama Sufuria akasugua kitako, akasuuza, akamtupia kipande cha sabuni. "Na wewe nawa, umetoka bandani, nakunusa mpaka hapa. Nawa vizuri, hadi viwiko, halafu uingie ndani. Chakula kinapoa, na leo bakuli hilo ndilo lako."