Furushi la Stamena

Iskra alilipwa kwa kuwatupia watu vitu vyao. Kule katika jiji la Plovdiv, wanawake wenye makabati yasiyofungika walimwita, naye akaingia na mifuko mikubwa myeusi na amri zake. Kitu hujakigusa mwaka mzima? Kitoke. Kimefungwa na hukumbuki ndani kuna nini? Usikifungue, maana ukifungua utaanza kulia, na mwenye kulia hatupi. Panga kabla ya kahawa, si baada yake. Watu walimsifu, wakasema nyumba zao sasa zinapumua.

Basi mama yake, Stamena, alipoteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga na kulazwa hospitali ya mjini, Iskra alirudi kijijini akaona nafasi ndiyo hii. Amsafishie mama nyumba, akitoka aikute inang'aa. Jamani, nia ilikuwa njema, hilo nani atalikana? Alitoa chupa tupu za achari, redio zilizokufa na makoti ya watu waliokufa. Langoni aliiacha karatasi ya msiba ya baba yake, tangazo la kifo wanalobandika watu wa kule, yenye picha ya kijana mwenye masharubu, kwa sababu mama huibandika upya kila mwaka inapopauka. Picha ya harusi juu ya kitanda nayo ilipona, kwani haikuwa na hata chembe ya vumbi. Lakini chini kabisa ya sanduku la mbao alikuta furushi la shuka jeupe, limekazwa mafundo, linanuka majani makavu. Hakulifungua. Sheria ni sheria. Mwanamume anayepita na gari kununua vitu vikuukuu alilibeba pamoja na mengine.

Wiki ile ile daktari alimwita Iskra pembeni. Maji yameingia kwenye mapafu ya mama, mwili umechoka, ajiandae. Iskra akajifuta uso, akaingia wodini.

"Mwanangu, niletee furushi langu," mama akasema.

"Furushi gani, mama?" Aliuliza tu. Alikwisha kulijua.

"La safari ya mwisho. Kwenye sanduku, chini. Kuna soksi, viatu, mshumaa, na shati langu la harusi nililolidarizi mwenyewe. Usinitolee macho hivyo! Kila mwanamke pale kijijini ana lake. Hata Mitra analo, na bado ana miguu ya kukimbilia basi."

"Nitakununulia gauni zuri, mama. Jipya."

"Gauni la nini? Baba yako atanijuaje?" Stamena alipumua kwa shida. "Rangel alitoka asubuhi kwenda machimboni akaniacha msichana, mwamba ukamlalia. Sura hii haijui. Akikuta kikongwe kimesimama pale ataniamkia shikamoo apite zake! Lakini shati lile analijua. Alinivua yeye mwenyewe." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Nitalileta," Iskra akasema.

Alifika kijijini anahema. Mitra, jirani yao, alikuwa uani anamenya pilipili za kuchoma, akasikia habari yote, akaangusha kisu.

"Umelitoa? Furushi la mama yako? Wee mtoto wee! Hata mwizi akiingia, lile analiruka!"

"Shangazi, nisaidie, huyu mtu wa gari namkuta wapi?"

"Sokoni, wapi tena. Kimbia!"

Alimkuta anapanga visahani juu ya turubai. Mwanamume alikumbuka vizuri sana. Soksi na viatu vilikuwa bado kwenye boksi, lakini shati liliondoka Jumapili. Basi la watalii lilisimama, mama mmoja akalivaa juu ya koti lake, akapigwa picha, wakaenda.

"Wakaenda wapi?"

"Mpakani, dada. Mimi nitajuaje?"

Iskra alipiga simu kwa kila kampuni ya mabasi aliyoweza kuipata, kisha hoteli, kisha watu wa mpakani. Aliwalilia watu asiowajua. Wote walimpa pole, na pole haivaliwi. Mwisho alikaa chini palepale kando ya turubai, mikono kichwani, yeye aliyekuwa akiwaambia wenzake wasilie mbele ya vitu.

Yule mwanamume akamwonea huruma. Akachomoa shati jingine. "Chukua hili. Yote yana uzi mwekundu, yote ya bibi harusi. Macho ya wazee nayo, yanaona nini?"

Akalichukua. Ndiyo, alilichukua. Wewe ungefanya nini?

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza kifuani. Vidole vilitembea kwenye kola, vikashuka, vikasimama.

"Hili si langu."

"Ni lenyewe, mama, tazama..."

"Nitazame kwa macho yapi? Hapa kifuani mimi niliweka jogoo wawili. Huyu kaweka maua. Shati la nani hili?"

Iskra akanyoosha mkono kulichukua.

"Unataka nikafumaniwe na mume wa mtu? Na mwenye shati je, kasimama huko mumewe anampita? Lirudishe." Kisha akauliza polepole, "Langu liko wapi?"

Iskra alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia yote, shuka, gari, basi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulilifungua kwanza?"

"Hapana, mama."

"Hata hukulifungua." Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Nisamehe, mama. Niambie nifanye nini. Chochote!"

"Nitamwita kwa jina," Stamena akasema, akageukia ukuta. "Ila sauti nayo imebadilika."

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, alikata roho.

Iskra alikwenda kwa mpiga chapa kuagiza karatasi ya msiba ya kubandika langoni, kituo cha basi na mlango wa kanisa. Akatoa picha ya harusi kwenye fremu yake, akaonyesha kwa kidole upande wa bibi harusi.

"Huyu ni msichana," mpiga chapa akasema. "Nilidhani marehemu ni mzee. Huna ya kitambulisho?"

"Ninayo. Weka huyo huyo. Na shati lionekane lote."

Alimzika mama amevaa gauni la buluu, kisha akarudi langoni na gundi. Akabandika karatasi kando ya ile ya baba, bega kwa bega. Mitra alitokea na sahani ya ngano ya kuchemsha ya msiba, akasimama, akakunja uso.

"Iskra, ndiyo nini hii? Watu kituoni wanaulizana nani kafa. Hapa kijijini nani atamjua huyu?"

Iskra alikuwa bado anapitisha kiganja juu ya karatasi, analainisha mikunjo pale kwenye jogoo wawili.

"Sikuwabandikia nyinyi, shangazi," akasema.