Mke Mwenza wa Kwenye Santuri

Bi Mahbuba alikuwa na mke mwenza ambaye hajapata kumtia machoni. Jina lake halijui, mtaa wake haujui. Alichokijua ni sauti tu, nyembamba, tamu, ya kujidekeza, iliyonaswa kwenye sahani moja ya santuri isiyo na karatasi ya jina. Sahani yenyewe mumewe, Mzee Mahfoudh, kaifunga kwenye kikoi na kuificha kabatini nyuma ya kanzu za Idi. Bibi aliigundua Unguja, mwaka wa kwanza wa ndoa, mume kaenda kazini. Akaitia kwenye gramafoni, akasikia mwanamke analia na gitaa, "Nakuaga, mpenzi, nakuaga." Akaizima, akaifunga vilevile, akaenda jikoni kukuna nazi. Hakuuliza. Yeye, binti wa watu, amuulize mwanamume habari za hawara wake? Thubutu!

Basi hakuuliza Unguja, hakuuliza walipohamia Maskati, hakuuliza mpaka wakapata wajukuu. Lakini kila Mzee Mahfoudh akipiga mluzi wakati wa kunyoa ndevu, roho ya bibi humwambia: huyo, anamwimbia yule.

Mwaka elfu mbili na tatu mjukuu wao Khulood, mtoto wa binti yao Khawla, akapatwa na wazimu wake. Yeye na shoga yake Beryl, Mkenya wa Kisumu anayepuliza saksafoni kwenye bendi ya hoteli, walifungua tovuti ya jazi na bluzi za zamani. Walikusanya zile sahani mabaharia walizokuwa wakiziacha bandarini Unguja, na zile chache walizorekodi vijana wa huko walioambukizwa muziki wa Kimarekani. Kila sahani wanaipiga, wanaiingiza sauti kwenye kompyuta, kisha wanaandika habari za mwenyewe: nani, kafundishwa na nani, kaishia wapi. Sebule ya nyumba yao ya Al-Khuwair, hapo Maskati, ikawa karakana. Nyaya zikapita chini ya mito, na laini ya simu ikaliwa na intaneti kutwa. Shangazi Nasriya alipiga simu kutoa habari za msiba, akaipata laini siku ya hitima.

Mzee Mahfoudh akawapa sanduku lake zima la sahani, linanukia udi, maana Bi Mahbuba alikuwa akifukiza kila kilichomo nyumbani isipokuwa paka. Akatoa zote. Zote ila moja, na bibi aliona, wallahi aliona. Akawaza: hawa watoto wanafukua historia za wapiga piano waliokufa Marekani, watashindwa na hawara mmoja wa Unguja? Asubuhi mzee alipokwenda soko la Matrah kununua samaki, bibi akaitoa sahani ndani ya kikoi.

"Khulood, mwanangu, nitafutie huyu."

"Nani huyu, bibi?"

"Ningemjua ningekutuma?"

Khulood akaisikiliza, akaruka kwa furaha. Ikapanda kwenye tovuti na maneno chini yake: mwimbaji hajulikani, anayemjua atuandikie.

Lo! Wakaandika. Huyu kutoka London anasema ni mtoto wa fundi cherehani wa Malindi, yule kutoka Toronto anasema hata kidogo, ni wa Ng'ambo na ana jino la dhahabu. Ishaq fulani wa Dubai akaapa kwamba alimpelekea posa mwanamke huyu akakataliwa, na mpaka leo akisikia gitaa humtoka machozi. Kila alasiri Khulood humsomea bibi yake, na bibi na kahawa yake huteseka.

"Alikuwa mzuri?"

"Ishaq anasema ana macho ya kurembua."

"Haya." Akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Jambo moja tu alilitaka. Yule mwanamke akipatikana hai, atamwuliza: Mahfoudh alikuacha kwa hiari yake, au mlitenganishwa? Maana kama walitenganishwa, basi yeye Mahbuba kalishwa makombo umri wake wote. Hilo lilimuuma, na lilimuuma zaidi kwa kuwa mume alikuwa mwema.

Ijumaa moja Beryl akaja na saksafoni yake apulize pamoja na ule wimbo. Akajaribu hapa, akajaribu pale, akaitoa saksafoni mdomoni.

"Aki Khulood, hii kitu iko na shida. Gitaa haikai mahali popote. Halafu skiza huyo jogoo."

Kweli, nyuma ya wimbo kulikuwa na jogoo anawika.

"Jogoo gani analia kama kifaranga?" Beryl akaendelea. "Hao watu walipokuwa wakirekodi, mashine ilikuwa inazunguka polepole. Sasa ukiicheza kwa mashine nzima inakimbia, sauti zote zinapanda. Ngoja nirudishe chini."

Akaibonyeza kompyuta. Jogoo akashuka mpaka akawa jogoo mwenye wake zake. Gitaa likatulia. Na ile sauti nyembamba ya kujidekeza ikashuka, ikashuka, ikaota masharubu.

Kikombe kikamtoka Bi Mahbuba mkononi. Sauti ile anaijua. Ndiyo inayomwomba chai kila siku ya Mungu.

"Babu huyo!" Khulood akapiga ukelele.

Na babu mwenyewe ndiye huyo mlangoni, katoka msikitini, viatu mkononi, anajisikia akiimba na ujana wake wote. Akasimama kama aliyekutana na jamaa aliyedhani kafa.

"Nani kakupeni hiyo?"

"Mie," Bi Mahbuba akanyanyuka. "Na leo utanambia, Baba Khawla. Unamuaga nani humo?"

Mzee akakaa kitako taratibu. "Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema hamwozi binti yake mpiga gitaa. Nichague. Basi jioni ile nikaenda kwa Mgoa mmoja mwenye mashine ya kurekodi. Umeme wenyewe ulikuwa mdogo, taa inawaka kama kaa la jiko. Nikaimba mara moja, nikaliaga gitaa langu, nikamwachia palepale. Asubuhi nikaja kukuposa."

"Na usinambie miaka yote hii?"

"Nilimwahidi baba yako sitalitaja. Na nikaogopa utadhani nnajuta."

"Hujuti?"

Mzee akafikiri. Bi Mahbuba alimwona anafikiri, na roho ikamtulia, maana jibu la haraka asingeliamini.

"Gitaa nnalikumbuka," akasema. "Kujuta, sijajuta hata siku moja."

Bibi akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika, wakadhani analia, kumbe kicheko kimembana. "Mie nimemchukia hawara wako mpaka nimeota mvi! Kumbe hawara mwenyewe ni wewe!" Beryl akagaragara kwenye mito. Khulood akakumbuka, akashika kichwa.

"Na Ishaq wa Dubai? Kampelekea posa babu!"

"Mwambieni amechelewa," mzee akasema. "Nimeshaolewa."

Walipochoka kucheka, Khulood akarudi kwenye kompyuta akafuta lile neno "hajulikani."

"Sasa niandike nini?"

Mzee akafungua kinywa, lakini Bi Mahbuba alimtangulia.

"Andika Mahfoudh. Mpiga gitaa."

Mzee Mahfoudh akainamisha kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Kisha uandike, mume wa Mahbuba," akaendelea bibi. "Na hilo la mume uliandike kubwa, walione hao wa Dubai."