Kenchi ya Tatu Juu ya Bwawa

Kwa miaka kumi na minane, kitu chochote kilipoharibika katika shule ile ya wasichana nje kidogo ya mji wa Iringa, aliitwa Yotamu Kalinga. Bomba likipasuka, Yotamu. Umeme ukikatika bwenini, Yotamu. Na lile jengo la bwawa la kuogelea, ambalo wafadhili waliliezeka ili wanafunzi waogelee hata miezi ya baridi, alilijua kuliko sebule yake.

Basi mkuu wa shule, Mwalimu Benedicta, alipomleta injinia kutoka Mbeya kuandaa mpango wa kuezeka upya na kubadilisha feni za kutolea mvuke, Yotamu hakwenda getini kumpokea. Injinia huyo, Esnath, alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mpole. Alimwamkia shikamoo, Yotamu akaitikia bila kumtazama.

Haikupita wiki, Mwalimu Benedicta akawa anamwita "injinia wetu". Hilo ndilo lililomchoma. Yeye alikwisha kuandika barua tatu kwamba feni mbili kati ya nne zimekufa, na mvuke wenye dawa ya bwawa unapanda darini kula misumari. Hakuna aliyemwita ofisini. Sasa Esnath aliyasema yaleyale mbele ya kamati, akionyesha picha ukutani, na wajumbe wakamsikiliza kama vile jambo lenyewe limezaliwa siku hiyo.

Hata hivyo, Yotamu alisikia kosa katika mpango wake. Paa lingeezekwa likizo ya Juni, feni zifungwe Desemba. Alijua kwamba mvuke wa miezi sita ungeziharibu mbao mpya za Mafinga kabla feni hazijafika. Angeweza kunyoosha mkono. Akanyamaza, na kunyamaza kule kukawa na utamu wake. Acha aharibu, alijisemea, wamjue.

Kesho yake Esnath aliomba ngazi apande darini kupima kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Yotamu akamletea. Kenchi ya tatu upande wa mashariki ilikuwa imeoza, na yeye mwenyewe hakuwa ameikanyaga tangu mwaka juzi. Alisimama chini akimtazama binti akisogea na tochi yake. Neno lilimfika mdomoni, likakaa. Lilipotoka, mguu ulikuwa umeshakanyaga.

Kenchi ilikatika, ubao wa dari chini yake ukapasuka. Esnath akazama hadi kiunoni, miguu ikining'inia juu ya bwawa lililokwisha kutolewa maji. Yotamu alipanda ngazi ile kama kijana, akapita juu ya boriti iliyokuwa bado imara, akamshika makwapani na kumvuta.

Walikaa juu ya boriti wakihema. Damu ilimchuruzika Esnath mguuni.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema, baba?"

Yotamu alitafuta uongo, akaukosa. "Nilikuonea wivu." Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza, akamweleza na habari ya feni.

Esnath aliifuta damu mguuni. "Ningekufa," alisema, akashuka peke yake, akikataa mkono wake.

Kamati ilipokutana tena, Esnath aliingia akichechemea. Aliwaambia kwamba feni na paa vitafanywa pamoja likizo ya Desemba, na kwamba aliyeliona kosa ni fundi Yotamu. Kuhusu kenchi hakusema lolote. Mwalimu Benedicta akamshukuru sana injinia wao kwa moyo wake wa kuwashirikisha wafanyakazi wa chini.

Wivu ukamchoma Yotamu palepale, vilevile kama mwanzo. Aliutazama mguu wa Esnath uliofungwa bandeji. Akasimama, akawasimulia mwenyewe jinsi alivyomwacha binti apande.

Alipewa barua ya onyo. Desemba alifanya kazi chini ya Esnath, wakizungumza mambo ya kazi tu, na kila asubuhi, kabla hajaulizwa, alimwonyesha mahali pa kukanyaga.