Nukta ya Mzee Taisto

Siku ya tano Ilkka aliamka amechoka kuliko alivyolala. Aliketi jikoni kwa baba yake, huku katika mji mdogo wa Kuhmo, kompyuta mbele na kahawa ikipoa, akaitukana simu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtukana ndugu ambaye bado atakula naye mezani.

Ilikuwa simu ya Linux, ya wale watu wasiotaka kampuni yoyote ijue wanakokwenda, na Ilkka alikuwa mmoja wao kufa na kupona. Miaka kumi na tisa aliandika programu za kutambua simu ilipo, katika kiwanda kimoja cha kusini, mpaka kiwanda kikafungwa. Basi aliona hakuna nukta kwenye ramani inayoweza kumshinda. Kiburi hicho ndicho kilichomponza.

Mwisho wa Agosti baba yake, mzee Taisto, mwenye miaka themanini na moja na kumbukumbu inayovuja, alipotea kinamasini kwa muda wa saa tisa. Wawindaji wa kijiji walimkuta ameketi, ameloa chapachapa. Dada mkubwa wa Ilkka, Outi, anayekaa mji wa Oulu na asiye na mzaha, akamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Ilkka akamsihi ampe wiki moja tu. Mzee angebeba simu, wao wangeiona nukta yake ya bluu popote aendapo, naye angebaki na nyumba yake na msitu wake. Outi alikubali shingo upande. Ijumaa saa nane angekuja na karatasi. Nukta ikionekana mzee akiwa msituni, zitachanwa. Isipoonekana, Outi atatia sahihi.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo.

Afadhali simu ingekuwa imekufa kabisa. Uani ilikamata setilaiti nane bila shida. Kila asubuhi mzee alijiandaa kibarazani kwenda kuchuma puolukka, vile vitunda vyekundu vichachu, na kabla hajafika langoni setilaiti zinaanza kupotea, moja baada ya nyingine, mpaka hakuna. Jumatatu Ilkka aliilaumu saa ya simu, akairekebisha. Jumanne aliilaumu seva ya msaada, ile inayoielekeza simu upande zilipo setilaiti ili isipapase gizani. Kumbe wenyewe walishaifunga bila kuaga, akatafuta nyingine. Jumatano aliandika upya programu inayoilaza chipu ili kuokoa betri. Alhamisi aliifungua simu yote, akachezea antena mpaka macho yakamtoka machozi. Ujumbe wa kawaida ulifika simuni muda wote, kwa hiyo alijiaminisha kwamba ubaya uko ndani ya programu, mahali anapopajua yeye.

Jioni mzee alirudi na ndoo imejaa, simu akaiweka mezani. Hawakuulizana kitu. Nyumba ile haikuwa na desturi ya kuulizana. Baba aliona mwana ana kazi, mwana aliona baba kachoka, wakala viazi na samaki, wakaingia sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke.

Leo mzee alitoka saa tano, mvua ikinyunya. Setilaiti saba, nne, moja, sifuri. Ilkka hakuwa hata na nguvu ya kukasirika.

Outi alifika mapema. Alivua viatu mlangoni, akasimama nyuma ya kiti cha mdogo wake bila kuvua koti.

"Baba yuko wapi?"

"Msituni."

"Msituni wapi, Ilkka?"

Ilkka akamgeuzia kioo. Nukta ilikuwa imeganda kibarazani tangu saa tano. Outi aliitazama, akatoa karatasi kwenye mkoba, kisha kalamu.

"Nimechoka kuwa mbaya wa nyumba hii," alisema. "Kila mara mkatili ni mimi."

Ilkka alivaa mabuti ya mpira, akamwachia kompyuta, akatoka. Njiani alikumbuka kwamba wiki nzima hakuwa ameingia msituni na baba yake hata mara moja. Wiki nzima alimfuata kwenye kioo.

Alimkuta baada ya nusu saa, ukingoni mwa kinamasi, ameketi juu ya kisiki, ndoo miguuni, ametulia tuli.

"Simu iko wapi, Baba?"

Mzee alipapasa kiunoni, akatoa kopo la kahawa, lile la bati alilobebea viberiti maisha yake yote. Kifuniko kilikuwa kimezungushiwa utepe wa mafundi umeme. Akaubandua polepole, akafungua. Ndani mlikuwa na soksi ya sufu, na ndani ya soksi, simu.

"Si ulisema isilowe?" mzee alisema. "Haijapata hata tone."

Alisema kweli. Jumatatu Ilkka mwenyewe ndiye aliyemwambia, tena kwa ukali, kwamba hii si kama simu nyingine, ikilowa imekwisha. Siku tano mzee alikuwa akitii, na bati likizizuia setilaiti. Ilkka aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaiweka simu juu ya kisiki, akaikinga mvua kwa kofia yake, wakangoja. Mbili. Tano. Saba.

Simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Outi.

"Naiona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya utotoni. "Ilkka, naiona, iko pale kinamasini. Njooni tuzichane hizi karatasi pamoja. Naweka kahawa."

Ilkka alicheka peke yake, akabeba ndoo, akamwambia baba waende. Mzee hakuinuka. Alitia vidole viwili kinywani akapiga mluzi kuelekea kinamasini, mrefu, kisha akatega sikio.

"Tumsubiri Musti kwanza," alisema. "Siku ile pia alinichelewesha. Nilimsubiri mpaka wakaja wale wawindaji."

Musti, mbwa wa nyumbani, walimzika nyuma ya sauna miaka mitatu iliyopita. Ardhi ilikuwa imeganda. Ilkka alichimba kwa sururu, Outi akashika taa huku akilia.

Ilkka akaweka ndoo chini. Akaketi kwenye ukoka uliolowa, kando ya kisiki. Mzee akapiga mluzi tena.

Baada ya robo saa simu ikalia.

"Kahawa iko tayari," Outi alisema. "Nukta naiona vizuri kabisa. Mbona hamsogei?"

Ilkka alimtazama baba yake, aliyekuwa amenyoosha shingo kuelekea kinamasini, akitabasamu kidogo.

"Tunamsubiri Musti," alisema.

Upande wa pili akasikia kiti cha jikoni kikivutwa, na dada yake akiketi.