Mafundo Matano ya Kitenge

"Pima tena," Daktari Damascène alisema bila kuinua macho. "Haiwezekani."

Mwiza, mwanafunzi wa udaktari pale hospitalini, akapima tena. Presha ya Mama Vestine ilikuwa imepanda kuliko ya mwezi uliopita, na ya mwezi uliopita ilikuwa imepanda kuliko ya nyuma yake.

"Donc hamezi dawa. Mwongezee dawa mpya, atenolol. Suivant!"

"Mi nameza, docteur," Vestine akasema. "Kila siku nameza."

Lakini aliyefuata alikwisha kuingia na kikohozi chake. Damascène hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na uchovu ukikaa sana kwa mtu hugeuka tabia. Siku ya kwanza ya mafunzo Mwiza alimwambia kwamba akimaliza shule anataka kuwa daktari wa familia, yule anayemjua mgonjwa na nyumba yake. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Familia? Mimi hapa hata jina la mgonjwa sina muda nalo, ma fille."

Tangu hapo kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakutulia. Siku hiyo, kikohozi kikielezwa, aliponyoka mlangoni akamfuata Vestine.

Alimkuta kwenye ngazi nyuma ya duka la dawa, akigawa tembe zake na kuzifunga kwenye pindo la kitenge. Fundo moja, jingine, jingine tena. Yakawa matano.

"Mama, hizo ni za nani?"

Vestine akatazama huku na huku. "Siye tuko watano, mutoto wangu. Tunavukisha nyanya mupaka kwenda Goma. Transferi, ile barua ya kuja hapa hospitali, wanaitoa ku centre de santé asubui tu, na asubui ndio soko. Ukikosa soko, watoto wanalala njaa. Bon, mumoja anakuja, anagawanyia wenzake. Hatuwezi kuachana. Iko vibaya?"

Kumbe! Dozi ya mtu mmoja ilikuwa ikiliwa na watu watano, presha haishuki, na kila mwezi hospitali inaongeza.

"Na hao wenzako, hakuna mwenye ugonjwa mwingine?"

"Kamikazi iko na asima. Ile tu."

Ile tu! Kumpa mwenye pumu atenolol ni kumkaba koo. Mwiza alirudi ndani mbio, akamweleza daktari yote kwa pumzi moja. Damascène alisikiliza huku akiandika.

"Mwambie aache kugawa. Na hao wengine waje na transferi, kama kila mtu."

"Hawawezi kuipata, daktari. Inatolewa asubuhi, na wao..."

"Mwiza. Sheria sikuiandika mimi. Suivant!"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwiza alichukua kipimo chake, akaondoka na Vestine hadi mpakani, na wala hakuaga.

Wanawake walikuwa wanarudi kutoka Goma na mabeseni matupu. Kamikazi alikuwa mwembamba, mcheshi, na kifua chake kilipiga filimbi kila alipocheka. Mwiza alimpima wakiwa wameketi ukingoni mwa barabara. Presha yake ilizidi hata ya Vestine. Akafungua fundo lake kwenye kitenge cha Vestine, akazichambua tembe za atenolol moja moja.

"Hizi usimeze kabisa, dada. Zitakufunga pumzi."

Kamikazi akazitazama zikiingia mfukoni mwa koti jeupe. "Bon. Sasa mi nimeze nini?"

Mwiza alitaka kulia kwa hasira, akalitazama beseni tupu kando yao.

"Niazime beseni lako," akasema.

Kesho yake asubuhi beseni la Kamikazi lilikuwa kwenye foleni ya kituo cha afya, kule Mbugangari, na Mwiza ameketi kando yake. Ndivyo watu wanavyoshikiana nafasi bombani, na nani alisema kituoni haiwezekani? Kamikazi angevusha nyanya zake kwa beseni la kuazima, kisha akute zamu yake ikimngoja.

Mlinzi alipoliona koti jeupe akaja mbio. "Docteur, we unapanga laini? Pita mbele!"

"Na mwenye beseni hili naye atapita?"

"Aa, yeye apange."

"Basi na mimi napanga."

Simu ikalia. Damascène.

"Uko wapi? Wagonjwa wamejaa mpaka nje!"

"Niko foleni, daktari."

"Foleni ya nini?"

"Ya transferi. Jana ulisema waje nayo."

"Usipofika sasa hivi, sitasaini mafunzo yako. Utarudia mwaka. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akairudisha simu mfukoni, katikati ya zile tembe. Kule mbele dirisha likafunguliwa, na foleni ikasogea kidogo. Mwiza akalisukuma beseni kwa mguu, akalifuata.